Mamba Muntu Hajaua Mchimbaji Hata Mmoja

Shimo la madini likiporomoka pembezoni mwa mji wetu wa Likasi, Kongo, habari hufika mtaa wa Kikula kabla maiti hazijatolewa. Na kabla ya maziko, jibu limeshapatikana: nyoka amedai damu yake. Watu wazima, wenye diploma na wenye sululu, wanasimulia kwa kauli moja kwamba chini ya madini yetu anakaa mwanamke nusu mtu nusu nyoka, kwamba liko kundi la siri linalomwita usiku na kumlisha watu, naye analilipa kwa shaba na kobalti. Ndio watu wa mamba muntu. Aliyejenga haraka ni mmoja wao. Negosian, mnunuzi wa madini, aliyebadilisha gari mara mbili ni mmoja wao. Mjane anayeishi peke yake na mtoto anayeongea usingizini nao hawako mbali na orodha. Makanisa ya uamsho yametangaza vita: mikesha, kufunga, mafuta, na kutaja majina hadharani.

Nasema wazi: malkia huyo hayupo, kundi hilo halipo, na vita hivyo vinawalinda wanaotuua.

Tuanze na kifo chenyewe, maana hapo ndipo imani hii inajiona ina ushahidi. Shimo la mchimbaji mdogo ni duara lenye upana wa mabega. Anashuka kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa ukutani, mgongo upande huu na miguu upande ule. Akiukuta mshipa wa madini haendi tena chini. Anaufuata kwa pembeni, akichimba njia ya kupita kwa magoti na tumbo, na anaufuata popote unapokwenda, hata ukipita chini ya shimo la mwenzake. Nguzo za mbao hakuna. Mbao ni pesa, na aliyefadhili shimo anataka magunia. Udongo ukiwa mkavu unajishikilia. Mvua zikianza, kama mwezi wa Novemba, maji huingia kwenye nyufa, udongo unakuwa mzito, na ukuta uliosimama tangu Juni unaanguka mara moja. Wanaosema kwamba nyoka ana njaa zaidi wakati wa masika wameona sawasawa. Walichokosea ni kumtaja mwuaji.

Kuna kifo cha pili kinachotisha kuliko hicho, na ndicho kinachohubiriwa zaidi. Vijana wanakutwa wameketi ndani ya njia, miili mizima, hakuna jeraha, hakuna tone la damu, kama waliosinzia. Watu wanasema wamenyonywa pumzi. Ulizeni mashine ya kuvuta maji ilikuwa imewekwa wapi. Ikikaa mdomoni mwa shimo, au ikateremshwa ndani, moshi wake unajaa kule chini. Ndani ya moshi huo mna gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anakaa apumzike kidogo, haamki tena. Ndugu yake anashuka kumtoa, naye anabaki. Wa tatu anamfuata. Vifo vitatu mfululizo bila alama yoyote vinafanana na madai ya mtu anayehesabu, nami naelewa hofu ya waliosimama juu wakivuta kamba. Lakini kuihamisha mashine ile mbali na shimo, upande ambao upepo unaelekea, kungewarudisha wote watatu nyumbani kula bukari.

Kanuni zetu za madini zinamkataza mchimbaji mdogo kupita mita 30 kwenda chini. Ipo idara ya serikali, SAEMAPE, iliyowekwa kwa kazi ya kuwasimamia na kuwafundisha wachimbaji hao. Katika mikesha ya kumfunga nyoka sijasikia hata sala moja inayouliza shimo lilikuwa na mita ngapi.

Kama kungekuwa na mahali Katanga panapostahili zimwi, pangekuwa Shinkolobwe, kilomita kama 20 kutoka hapa. Mgodi huo ulitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Ulifungwa kwa wachimbaji wadogo kwa amri ya rais Januari 2004, lakini watu waliendelea kushuka, na Julai mwaka uleule sehemu yake ikaporomoka ikaua. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye walikuta mgodi wa zamani usio imara, uliokuwa tayari kuanguka tena. Ndivyo ilivyokuwa pia Kolwezi tarehe 27 Juni 2019, walipokufa watu zaidi ya 40 katika eneo la kampuni ya Kamoto Copper, inayodhibitiwa na Glencore: njia zilizochimbwa ndani ya ngazi za mgodi mkubwa wa wazi ziliwaangukia waliokuwa ndani. Ngazi zile zilijulikana, kampuni ilijulikana, wachimbaji walionekana wakiingia kila siku. Hakuna siri iliyohitaji kufichuliwa kwa maono.

Na huyo malkia, tumemjulia wapi? Wengi wetu tulimwona kwanza ukutani. Miaka ya 1970 wachoraji wa miji yetu ya shaba walimchora kwa wingi na kumuuza kwa bei ambayo mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, aliimudu, akatundikwa sebuleni: nywele ndefu, ngozi nyeupe, mkia wa samaki, mara nyingine na nyoka. Dada yake wa Afrika Magharibi, Mami Wata, sura yake maarufu ina historia iliyoandikwa. Ilienea kutokana na tangazo lililochapishwa Hamburg katika miaka ya 1880, likimwonyesha mwanamke wa maonyesho akicheza na nyoka. Mwaka 1955 picha ileile ilichapishwa upya Bombay kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kumasi. Kisha mwaka 1987 Mnigeria Emmanuel Eni akatoa kijitabu cha ushuhuda wake juu ya ufalme ulio chini ya bahari na malkia wake. Kikatafsiriwa Kifaransa, kikapita mikono kwa mikono hadi kwetu, na mahubiri mengi tunayosikia leo yana harufu yake.

Sisemi kwamba jambo ni uongo kwa kuwa limetoka mbali. Injili nayo ilitoka mbali. Nasema vita hivi vinapiganwa kwa ajili ya sura yenye tarehe na mji ilikochapishwa, huku hadithi yetu wenyewe ya joka, iliyo na akili kuliko hiyo, tukiiacha ioze.

Maana joka tunalo. Waluba wanasimulia habari za Nkongolo, mfalme mwekundu, nyoka wa upinde wa mvua, mlevi na katili. Mpwa wake, Kalala Ilunga, alipokua akawa hodari kumshinda yeye, Nkongolo alichimba shimo, akasimamisha mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika kijana aje acheze ngoma juu yake. Kijana alionywa kwa mdundo wa ngoma, akaruka, akakimbilia kwa baba yake, Mbidi Kiluwe, akarudi na jeshi. Nkongolo alikatwa kichwa. Angalieni wazee walimweka wapi huyo nyoka. Hawakumweka mtoni, wala chumbani kwa bibi kizee, wala tumboni mwa mtoto yatima. Walimweka kwenye kiti cha utawala, na mkononi mwake wakatia kazi ya kuchimba shimo na kulifunika mkeka. Hapo ndipo walipotufundisha kutazama, na hapo ndipo wahubiri wetu hawatazami.

Vita dhidi ya kundi la siri havijawahi kumfikia mwenye nguvu. Tajiri anayenong'onezwa kuwa mtu wa nyoka ana geti, ana mlinzi, ana simu ya kamanda. Jiwe linamwangukia asiye na geti. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alizunguka Rhodesia ya Kaskazini akibatiza na kutafuta wachawi kwa maji: aliyezama vizuri ni safi, asiyezama ni mchawi. Alivuka mpaka akaingia Katanga, na huku kwetu ndiko alikoua wengi zaidi. Zaidi ya watu 100 walikufa mikononi mwa mtu aliyeahidi kuusafisha ulimwengu. Alinyongwa mwaka 1926, na uchawi aliokuwa akiuwinda haukuwa umepungua hata kwa kipimo chake mwenyewe.

Likasi ina kumbukumbu ya karibu zaidi, ambayo hatupendi kuitaja mezani. Paa la mgodi wa Kamoto liliporomoka Septemba 1990. Shaba ya Gécamines, iliyopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mishahara ilikauka, na watu wakataka kujua nani amekula. Wanasiasa wakawapa jibu: Mkasai. Majirani waliozaliwa hapa, waliosoma na sisi, waliitwa bilulu, wadudu. Kuanzia Agosti 1992 walifukuzwa majumbani, na maelfu wakalala kituo cha treni cha Likasi miezi kwa miezi wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka Kasai ambako wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga. Watoto walikufa pale kwa njaa na maradhi. Mdudu alifukuzwa, na mshahara haukurudi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na watoto wa nyumba hizo ndio tunaowakuta leo mashimoni. Mji uliopitia hayo haupaswi kumsikiliza tena mtu anayesema kwamba anayekula mkate wetu amejificha katikati yetu na ana sura ya jirani.

Leo anayesakwa zaidi ni mtoto. Mama akifa, baba akikosa kazi, kaka akifukiwa mgodini, mtoto wa kambo anaulizwa ameingia kundi lini na amemtoa nani. Anafungiwa, ananyimwa chakula siku kadhaa, anakandwa kwa pilipili, hadi akiri. Kisha kukiri kwake kunatolewa kanisani kama ushahidi kwamba kundi lipo. Mtoto mwenye njaa atakiri kwamba ameoa samaki. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa mtuhumu kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Mchungaji anayemsimamisha mtoto mbele ya waumini na kumwita mtumishi wa mamba muntu anatenda kosa la jinai, na mashahidi wake ni waumini wote waliosema amina.

Wapo watu ninaowaheshimu wanaoniambia nisichukue maneno haya kama yalivyo. Wanasema mamba muntu ni lugha ya maskini ya kuutaja utajiri usioelezeka. Wananikumbusha mitumbula: wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika kambi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, watu waliamini kwamba Wazungu wanateka watu gizani, wanawanenepesha na kuwala. Hakuna aliyeliwa, lakini kampuni ilikuwa kweli inamaliza miili ya watu, kwa hiyo hadithi, wanasema, ilibeba ukweli. Nakubali kwamba uchungu ulikuwa wa kweli. Ila tazameni hadithi hiyo ilimfanya mtu afanye nini: alikaa ndani usiku. Desemba 1941 wafanyakazi wa Panda na Shituru hapa Likasi, na wenzao wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walifanya jambo jingine. Bei zilikuwa zimepanda kwa ajili ya vita, mshahara umebaki palepale. Wakaweka zana chini na kudai nyongeza. Walimtaja anayewadai jasho kwa jina lake la kampuni. Tarehe 9 Desemba, Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akawa miongoni mwa waliouawa. Utawala wa Kibelgiji uliishi miaka mingi na uvumi wa mitumbula bila kupoteza usingizi. Uliogopa mgomo.

Najua swali gumu linalobaki. Mjane hasemi, eleza namna udongo unavyolowa. Anasema, kwa nini yeye, wakati jirani yake alitoka dakika kumi kabla? Hilo mhandisi hawezi kulijibu, nami siwezi. Mhubiri anajidai kuliweza, na kwa jibu lake anamwachia mjane adui ndani ya ukoo, deni la sadaka, na mtoto wa kumwogopa.

Lakini yapo mambo ambayo mjane huyo ana haki ya kuambiwa, na yanajibika. Shimo lilikuwa na mita ngapi. Mashine ilikuwa ya nani na ilikaa wapi. Nani alifadhili, nani alinunua magunia ya wiki iliyotangulia na kwa mizani gani, nani alipokea ada mlangoni mwa machimbo, na nani alipaswa kuyafunga mvua ya kwanza iliponyesha. Wote hao ni watu wenye majina, wanaishi Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, na barua ya wito wa mahakama inaweza kuwafikia kwa siku moja.