Mposho iko nyuma ya nyumba

Mvua ya kwanza ikigonga malata, katika lupango nyingi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi utaona jambo moja: mama anatoka nje na jembe, hata mvua haijakatika vizuri. Sisi tunapenda sana saa ile. Udongo unanuka muzuri, watoto wanakimbia bila viatu, na baba aliyetoka posti ya usiku anasimama mlangoni na kikombe cha chai, macho bado mazito, anauliza: "Mama, mbegu iko wapi?" Ni swali dogo, lakini kwetu linapita hotuba nyingi tunazosikia kuhusu maisha ya mfanyakazi.

Leo tunataka kutetea kitu ambacho wengi wanakidharau: kipande cha bustani nyuma ya nyumba, na kazi ndogo ndogo za mikono zinazokwenda pamoja nacho. Kuna vijana wa migodi wanaosema kwamba kulima ni kazi ya mtu wa kijiji. "Miye niko na kontra, nitalima juu ya nini?" Hatuwacheki. Hata sisi tulisemaka vile.

Tuliyarithi maneno hayo. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines ikaendelea na desturi yake: mfanyakazi alipata mshahara, na jamaa yake ilipata mposho. Bunga, maharagi, samaki, mafuta, vyote vilitoka kwa kampuni. Mlango ukivunjika, fundi wa kampuni alikuja. Mtoto akiugua, hospitali ilikuwa ya kampuni. Tulizoea. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaa kwa kampuni karibu miaka mia kama wageni, na hakuna aliyetupa jembe.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na katika miaka iliyofuata kazi ya shaba ilianguka vibaya sana. Mshahara ulichelewa, mposho ikapungua mpaka ikaisha. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wazee wetu wengi walikuwa kati yao. Siku zile ndipo ilionekana nani alikuwa na udongo chini ya kucha. Nyumba ambayo mama alikuwa amepanda matembele na sombe kando ya ukuta ilipata mboga ya jioni. Nyumba ambayo ilikuwa imemwaga simenti lupango nzima ilikaa ikitazama simenti.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, sasa migodi iko mingi. Ni kweli, iko mingi. Lakini mwaka 2023 bunga kutoka Zambia ilipokuwa ngumu kupatikana, bei ya kiloba ilipanda na mshahara ulibaki palepale. Na mwezi wa pili wa mwaka 2025 serikali ilisimamisha kobalti isitoke nje ya nchi, kwa sababu bei yake duniani ilikuwa imeanguka. Hatusemi serikali ilikosea au ilifanya vema. Tunasema tu kwamba bei ya jiwe letu inapangwa mbali, na sisi hatuna mkono pale. Kwenye kitanda cha lengalenga, mkono tuko nao.

Tusidanganyane: bustani ya nyuma haitalipa shule, wala haitaleta bunga ya mwaka mzima. Lupango zetu ni ndogo. Lakini hesabu yake iko wazi. Lengalenga inaanza kuliwa baada ya wiki nne hivi, na ukikata vizuri bila kung'oa, inachipuka tena. Matembele hayaombi mbegu ya duka; unaomba jirani vipande vya mti wake, unachomeka, unamwagilia. Kibwabwa kinapanda kwenye ukuta na hakisumbui mtu. Mahindi yaliyopandwa mwezi wa kumi na moja, mwezi wa pili watoto wanayachoma kwenye mbabula, mabichi, moto wa mwisho wa makala. Jamaa inayokula mboga yake mara tatu kwa wiki, zile feza za mboga zinabaki kwa bunga. Njo mposho tunayoizungumza.

Na kuna kitu ambacho hesabu haishiki, nacho ni furaha. Mtu anayeshinda chini ya ardhi au juu ya mashine, kelele masaa mengi, vumbi mpaka kwenye meno, anarudi nyumbani na roho imefungwa. Akishika kopo lenye matundu na kumwagilia nyanya jioni, roho inafunguka. Hatupati neno lingine. Tumeona baba mmoja wa mtaa wetu, mkali kweli, ambaye watoto wake walikuwa wanakimbia akiingia. Siku moja aliokota mbao za kasha, akaanza kutengeneza nyumba ya kuku. Alikosa vipimo, mlango haukufunga. Mtoto wake wa miaka tisa akamshikia musumeno, wakaanza upya pamoja. Leo kuku wako ndani, mbolea iko, mayai yanatoka moja moja. Lakini mama wa nyumba ile anasema faida kubwa si mayai: "Sasa bwana anacheka na batoto."

Ndiyo maana tunasema kazi hii isiachiwe wamama peke yao. Mama anapika, anafua, anauza sokoni, anatunza wagonjwa. Tukimwongezea jembe na kuiita "furaha ya bustani", furaha ile ni ya nani? Bustani ni ya nyumba nzima. Baba achimbe vitanda na kubeba maji, watoto wapalilie, na mama apumzike siku moja akitazama wengine wakifanya.

Sasa tuseme neno gumu, kwa sababu sisi tunaishi kwenye udongo wa madini. Si kila fasi ni ya kulima. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaokaa karibu sana na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti na metali nyingine nyingi mwilini, na watoto zaidi. Mboga ya majani inashika vumbi, na mizizi inavuta yale yaliyo ndani ya udongo. Basi tufanye kwa akili. Tusilime kando ya mfereji unaotoka kiwandani. Tusipande mboga ndani ya viloba vilivyobeba madini. Tusiweke maji ya kumwagilia ndani ya pipa lililobeba asidi, hata likioshwa mara kumi. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia bustanini na kabla ya kubeba mtoto. Mboga zioshwe kwa maji safi, zaidi ya mara moja.

Na pale udongo unapotia shaka, vitanda viinuliwe: matofali pembeni, ndani udongo uliotoka mbali na migodi, uliochanganywa na mbolea ya kuku na chokaa kidogo. Chokaa na mbolea vinapunguza metali inayopanda kwenye mmea. Wazee wetu walijua pia udongo wa kichuguu. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga, vinavyopita urefu wa mtu, udongo wake hauna uchungu kama udongo mwekundu ulio pembeni yake, na mimea inaupenda. Ni udongo uleule tunaofyatulia matofali. Kichuguu kimoja kinajenga ukuta na kulisha kitanda.

Lakini chokaa ya kopo moja haitasafisha mtaa mzima. Hapa hatuwezi kumbebesha mama na jembe lake mzigo ambao si wake. Kanuni ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inataka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Kwa ile feza tunaona majengo, na mengine ni ya maana. Sisi tunaomba vitu ambavyo havina utepe wa kukata: udongo wa mitaa yetu upimwe na majibu yabandikwe kwa Kiswahili, watu wajue wapi walime na wapi waache. Bomba la maji safi lifike karibu na bustani. Mbegu na chokaa vipatikane kabla ya mvua, si baada. Wale wanaokaa kwenye kamati za maendeleo kwa jina letu, tunaomba mbebe maneno haya mezani.

Na mabosi wasitusikie vibaya. Hatusemi, "Kwa kuwa wanalima, mshahara wao unatosha." Apana. Bustani ni ya kumpa mfanyakazi mgongo wa kusimamia, isiwe kisingizio cha kumlipa kidogo. Mtu ambaye nyumba yake iko na mboga ya wiki anaweza kusubiri mazungumzo ya mshahara bila kutetemeka, na pengine hiyo ndiyo sababu tungepaswa kufundishwa kulima zamani sana.

Basi, jamaa, mvua iko karibu. Jumamosi hii, yule ambaye hayuko kwenye posti azunguke nyuma ya nyumba yake na kutazama. Pako ukuta, pako kona, pako ndoo iliyotoboka. Piteni kwa jirani, ombeni vipande vitatu vya matembele. Hakuna atakayewanyima, kwa sababu kila aliyenavyo naye aliombaka. Na kijana mwenye kontra, yule aliyetuuliza atalima juu ya nini, aje jioni mwezi wa pili. Tutamchomea hindi moja, atatujibu mwenyewe.