Posho Shilingi Ngapi?

Kuna kauli imenichosha masikio. Kila ukigusia majengo ya zamani ya shule, hapa Mbeya na hata kwa wenzetu Iringa, lazima atokee msomi mmoja, tena mwenye digrii yake safi, akuambie: "Ah, lile ni jengo la mkoloni bwana, acha libomoke." Basi hapo anajiona mwanamapinduzi!

Ndugu yangu, kwani yale matofali yalifyatuliwa Berlin? Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, watu wachache tu. Nani alikanyaga udongo? Nani alibeba kuni za tanuru? Babu na bibi zetu. Ukisema jengo ni la mkoloni unawapora jasho lao mara ya pili.

Chukua Malangali, kule Mufindi. Ile shule ilifunguliwa mwaka 1928, na mkuu wake, Mwingereza W. Bryant Mumford, alikuja na jaribio lake: Mwafrika asome lakini abaki "Mwafrika". Wanafunzi wavae nguo za asili, wafanye mazoezi ya kurusha mikuki, wazee waje kuwafundisha mila. Mumford akaandika habari zake kwenye majarida ya Ulaya. Jaribio lenyewe halikudumu. Mimi naliona ni dharau iliyovishwa heshima, maana waliotaka tubaki na mikuki wao walibaki na ofisi. Mwingine atasema Mumford aliona mbali kuliko sisi tunaowachapa watoto kwa kuongea kilugha. Sawa, tubishane! Lakini ukishabomoa, mjukuu wako utampeleka wapi aone kwamba jambo hili lilitokea kweli? Utamwonyesha kichuguu?

Na usidhani sheria inakulindia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo ni mpaka yatangazwe rasmi. Sasa piga hesabu. Mwaka 1863 Nyanda za Juu Kusini hatukuwa na darasa la misheni hata moja. Mstari ule unawafaa watu wa Kilwa na Bagamoyo. Sisi huku milimani tumeachwa nje, na sijasikia mbunge wetu yeyote akilipigia kelele jambo hili.

Fedha? Mwaka 2021 ulikuja mkopo wa Uviko, shilingi trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja. Sipingi, watoto walikuwa wanarundikana. Na sekondari kongwe nazo zilianza kukarabatiwa miaka ya 2016 na kuendelea. Lakini darasa la zamani la shule ya msingi kijijini halina mwenyewe. Linageuzwa stoo ya madawati mabovu, paa linavuja, siku moja kamati inakaa na kuamua libomolewe matofali yakajengee choo.

Usiniambie haiwezekani. Nenda Iringa mjini kaone Boma. Wajerumani walilijenga kama hospitali ya jeshi lao mwaka 1900 hivi, na mwaka 2016 likafunguliwa likiwa makumbusho ya mkoa, baada ya kazi iliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa. Safi sana. Ila fedha zilitoka Umoja wa Ulaya. Na hapo ndipo ninapoumia. Vijana wa Kizungu wanapanda ndege kwa nauli zao kuja kupaka rangi madarasa yetu, mimi nikiwaomba wenzangu wa hapa Mbeya Jumamosi moja tu ya kwenda kushika fyekeo kwenye shule moja ya zamani, swali la kwanza: "Posho shilingi ngapi?" La pili: "Mfadhili nani?" Hawa ni watu ambao bibi zao wanajua mgowe ni nini! Mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, kazi ya wiki inaisha siku moja. Hakuna aliyesaini karatasi ya mahudhurio.

Jamani, waandishi wenzangu nao ndio usiseme. Bila bahasha hata picha hawapigi.

Lakini kujitolea kwenyewe kuna namna yake, kwa sababu wapo wanaoua jengo wakidhani wanaliponya. Kuta za zamani za matofali yaliyoungwa kwa udongo au chokaa zinapumua. Maji yanaingia, yanatoka. Ukizipiga plasta ya saruji unyevu unanasa ndani, tofali linaanza kuliwa taratibu, baada ya masika kadhaa plasta inadondoka na kipande cha ukuta. Rangi ya mafuta ni vilevile. Chokaa inachomwa Songwe hapo, pua na mdomo, na bei yake si ya kumtisha mtu mwenye simu kama hiyo yako. Anza na paa na mifereji, ondoa miti iliyoota kwenye msingi, piga picha kila ukuta kabla hujaugusa. Mtafute mzee aliyesoma humo akueleze mlango wa zamani ulikuwa upande gani.

Na ukija, ndoo ya rangi ya mafuta iache nyumbani.