Mkopo Ambao Hatukuuombwa

Hatuandiki ili kuupinga uwanja wa ndege. Tunalisema hili mapema, maana katika nchi yetu anayeuliza habari za fidia huitwa upesi adui wa maendeleo. Njia ya kurukia ndege ya Dar es Salaam ina urefu wa meta 3,000. Wataalamu wakiona haitoshi, taifa lina haki ya kupanga. Tunachokipinga ni desturi ya kupanga juu ya mali ya maskini kabla ya kuwa na fedha ya kuwalipa.

Mwaka 1997 wathamini walipita Kipawa, Kigilagila na Kipunguni, jirani na uwanja huo. Wengi wa Kipawa walikuja kulipwa kuanzia 2009. Wako wenzao wa Kipunguni ambao hata mwaka 2023 walikuwa bado wakidai.

Miaka hiyo ni nini kwa mwenye nyumba? Nyumba iliyokwisha kuandikwa haiongezwi chumba. Bati likitoboka, baba anajiuliza kama ni busara kununua jingine. Mnunuzi hatokei, benki haiipokei kuwa dhamana, na kijana anayeoa hapewi pa kujenga uani kwa wazazi wake. Wakati huo saruji inapanda bei, na viwanja vya Pugu na Kinyerezi vinapanda zaidi. Mkandarasi hamwagi zege asipopata malipo ya awali, naye akicheleweshewa hudai riba. Kwa nini basi mama wa vyumba viwili ndiye aikopeshe serikali, tena bila kuulizwa?

Tutajibiwa kwamba sheria imerekebishwa. Ni kweli, kwa sehemu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Sheria ya uthamini ya 2016 imeweka kikomo cha miaka miwili, kisha uthamini hupoteza nguvu. Tunaishukuru hatua hiyo. Lakini uthamini ukifa, hofu haifi nao. Ramani inabaki ofisini, na mtu anarudishiwa nyumba asiyoweza kuiamini tena.

Wako wanaotukumbusha, kwa furaha kidogo, kwamba Papa Paulo VI mwenyewe mwaka 1967, katika waraka wa Populorum Progressio, alikubali kuwa ustawi wa wote waweza kudai ardhi itwaliwe. Wausome tena. Alikuwa na mashamba makubwa mbele ya macho yake, yale yaliyolala bila kutumika au yanayowatesa watu, si uani kwa mjane wa Kipunguni. Na hata mfalme Ahabu, ambaye Maandiko hayamsifu, alianza kwa kumtolea Nabothi shamba lililo bora au thamani yake kwa fedha.

Basi fedha itengwe kwanza, mahali isipoweza kuguswa kwa kazi nyingine, ndipo mthamini avuke kizingiti cha mtu. Ramani ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, nao wananchi wasikilizwe kabla mstari haujachorwa kwa wino. Na mradi ukiahirishwa, kila aliyeandikwa apewe barua yenye muhuri, inayomwambia kwamba yu huru kuezeka nyumba yake.