Bima ya mkopo: Msee wa nduthi Burumba, hiyo doo yako iko wapi?

Unamjua Arnold Schwarzenegger, yule buda wa Terminator? Mwaka wa 2017, mamlaka ya fedha Uingereza ilitengeneza roboti ya kichwa chake, ikakiweka kwa matangazo ya TV kikipigia watu kelele: dai pesa zako kabla ya Agosti 29, 2019. Haikuwa mchezo. Benki zilikuwa zimeuzia watu bima ya kulinda mikopo, wengine bila hata kujua wameuziwa. Mwishowe zilirudisha zaidi ya pauni bilioni 38.

Sasa turudi Burumba. Chukulia unabeba watu kwenda mpakani, unachukua mkopo wa Sh150,000 ununue nduthi yako. Kwa akaunti inaingia Sh144,000. Ukiuliza, unaambiwa, "Hiyo ni bima, kila mtu hulipa." Story imeisha. Lakini riba unalipia 150 yote, yaani unalipa riba juu ya ngiri sita ambazo hujawahi kushika.

Bima yenyewe si mbaya. Ukikufa, bibi na watoto hawaachiwi deni. Noma iko kwa kile kipengele cha kupoteza kazi. Hicho hulipa mtu aliyefutwa na mwajiri. Sasa msee wa nduthi, ama mathee wa mitumba pale Malaba, atafutwa na nani? Uingereza pia waliojiajiri walikuwa kati ya wale waliouziwa kitu ambacho hawangeweza kudai hata siku moja.

Na mbona afisa anakusukumia? Komisheni, buda. Mwaka wa 2014, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliangalia kesi ya mama mmoja anaitwa Plevin. Asilimia 71.8 ya bima aliyolipa ilikuwa komisheni, na hakuna aliyemwambia. Majaji wakasema kumficha hivyo si haki.

Kenya hatujaona kampeni ya kurudishia watu doo kwa jumla, kwa hivyo kila mtu anajipigania. Sheria lakini iko. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza benki na kampuni za bima kukukata ada ambayo hukuelezwa mapema. Haijalishi wameipa jina gani.

Anza na karatasi. Itisha barua ya mkopo na cheti cha bima, usome ni nini inalindwa na ni nani haruhusiwi kudai. Kama ulikopa wa miezi 24 ukamaliza kwa 10, na bima ilikatwa yote mwanzoni, uliza kwa maandishi kuhusu ile miezi 14. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni.

Ulikopa ng'ambo, Busia ya Uganda? Hapo sheria za Kenya hazikusaidii, ni Benki Kuu ya Uganda na mamlaka yao ya bima. Beba risiti zako. Na kama ulizitupa, rudi kwa tawi uitishe taarifa ya akaunti, ile siku mkopo uliingia. Hayo makato yatakuwa hapo.