Losheni ya jua ikipakwa kiduchu, mtoto ataungua vilevile

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mama anamkalisha mwanawe kwenye kigoda ampake losheni ya kukinga jua. Mtoto yuko darasa la pili na ana ualbino. Mama anakamua tone lenye ukubwa wa punje ya harage, analisambaza usoni, linalobaki vidoleni analifuta kwenye mikono ya mtoto, kisha anafunga chupa haraka. Hajui nyingine itapatikana lini.

Saa saba mchana mtoto anarudi pua ikiwa nyekundu, masikio yanachoma na shingo imebabuka kwa nyuma. Mama anaigeuza ile chupa mkononi na kuamua kwamba losheni hii ni feki.

Huenda si feki. Katika nyumba nyingi zenye mtoto mwenye ualbino, kinachokosekana ni kiasi cha kutosha na kurudia kupaka. Chupa ni ghali au haipatikani kirahisi, hivyo mzazi anaibana ili idumu. Bahati mbaya losheni ya jua haikubali kubanwa: ikipakwa nyembamba, inakinga kidogo sana. Kinachoweza kubanwa ni eneo la mwili linalohitaji kupakwa.

Kwa nini mtoto huyu yuko hatarini

Melanini ndiyo rangi inayoipa ngozi weusi wake, na ndiyo kinga yake ya asili dhidi ya mionzi ya jua. Mtoto mwenye ualbino anayo kidogo sana au hana kabisa. Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, na saratani ya ngozi ni miongoni mwa magonjwa yanayofupisha maisha ya watu hawa. Saratani hiyo haiji kwa siku moja. Madhara ya jua hujilimbikiza ngozini kuanzia utotoni, kila mara mtoto anapoungua.

Ndugu zake wenye ngozi nyeusi hawamo katika hatari ya kiwango hicho. Kama nyumbani kuna chupa moja tu, basi ni ya mtoto mwenye ualbino. Isigeuzwe mafuta ya kupaka ya familia nzima.

Kusoma chupa kabla ya kulipa

Losheni za madini ni zile ambazo kiambato chake kikuu ni zinki oksaidi, titaniamu daioksaidi au vyote viwili. Chembe zake hukaa juu ya ngozi, zikameza sehemu kubwa ya mionzi na kutawanya nyingine. Kwa kawaida haziwashi, ndiyo maana wataalamu wa ngozi huzipendekeza kwa watoto na kwa wenye ngozi nyepesi kudhurika.

Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipitia viambato 16 vya losheni za jua. Ilipendekeza viwili tu vitambuliwe kuwa salama na vyenye kufanya kazi, navyo ni hayo madini mawili. Viambato 12 vilihitaji taarifa zaidi. Hata hivyo, hiyo haina maana kwamba losheni isiyo ya madini ni sumu. Kama ndiyo iliyopo, mtoto apakwe. Jua lina madhara yanayojulikana vizuri zaidi.

Dukani, mzazi aangalie mambo manne. La kwanza ni SPF, isiwe chini ya 30. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi ya UVB inayounguza ngozi, na SPF 50 huzuia karibu asilimia 98. Tofauti ni ndogo, hivyo hakuna haja ya kujinyima ili kufikia namba kubwa. La pili ni maneno "broad spectrum" au alama ya UVA, yanayoonyesha kuwa losheni inazuia pia mionzi inayopenya ndani zaidi ya ngozi. La tatu, iwe inahimili maji na jasho. La nne ni tarehe ya mwisho wa matumizi.

Losheni inayojinadi kuwa inang'arisha au kubadilisha rangi ya ngozi iachwe rafuni, hata kama ina SPF. Kwa Tanzania, vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, na mzazi ana haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa imesajiliwa. Losheni ya kupuliza nayo haifai kwa mtoto, kwani ni rahisi kuivuta kwa pua au mdomo.

Losheni za madini huacha weupe juu ya ngozi. Weupe huo si kasoro na hauna haja ya kusuguliwa mpaka upotee. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi anayelazimika kujikinga na jua kwa sababu ya ugonjwa, ziko aina zilizotiwa rangi ya kahawia zinazofanana zaidi na ngozi yake.

Hesabu ya kijiko

Maabara wanapopima SPF hupaka miligramu 2 za losheni katika kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Watu wengi nyumbani hupaka nusu ya kiasi hicho au pungufu. Matokeo yake, ile 30 iliyoandikwa kwenye chupa haifiki 30 mwilini.

Kwa mtoto wa miaka saba hivi, uso, masikio, shingo na viganja kwa upande wa juu vinahitaji takriban nusu kijiko cha chai. Akivaa kaptura na shati la mikono mifupi, mikono na miguu iliyo wazi inafikisha kiasi hicho zaidi ya kijiko kimoja kila anapopakwa. Kwa kupaka mara tatu kwa siku, chupa ya mililita 100 inaisha ndani ya siku tano au sita.

Mtoto huyohuyo akivaa shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, soksi na pama, chupa ileile inakwenda karibu wiki mbili. Wala hakuna sehemu ya mwili iliyopunjwa. Nguo iliyofumwa kwa kubana, ambayo mwanga haupenyi ikiinuliwa juani, ni kinga ambayo haihitaji kurudiwa kila baada ya saa mbili. Hapo ndipo losheni inapookolewa.

Namna ya kupaka

Losheni ipakwe dakika 15 hivi kabla ya kutoka, ili ikae vizuri na isifutike kwenye nguo. Chupa itikiswe kwanza, kwa kuwa madini hutuama chini. Mtoto awekewe madoa madoa usoni, kisha yaunganishwe taratibu kwa kiganja. Sehemu zinazosahaulika mara kwa mara ni masikio mbele na nyuma, shingo kwa nyuma, kope, mpaka wa nywele na juu ya miguu kama amevaa kandambili. Midomo ina mafuta yake yenye SPF.

Inatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili mtoto akiwa nje, na mara tu baada ya kuogelea, kutoka jasho jingi au kujifuta kwa taulo. Mawingu yasimdanganye mzazi, kwani sehemu kubwa ya mionzi hupenya. Chupa isiachwe dirishani au ndani ya gari, maana joto huiharibu.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita akingwe kwanza kwa kivuli, nguo na kofia. Pasipokuwa na kivuli, anaweza kupakwa kidogo sehemu zilizo wazi tu.

Shuleni ndiko jua liliko

Losheni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi haimfikishi mtoto saa nne, wakati wa mapumziko. Na kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni ndipo jua linapokuwa kali zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa darasa ni lazima awemo kwenye mpango.

Mzazi anaweza kwenda shuleni na mambo matatu. Kwanza, ruhusa ya mtoto kuvaa pama na mikono mirefu hata kama sare hairuhusu. Pili, chupa ndogo ibaki na mwalimu, mtoto apakwe kabla ya mapumziko na tena kabla ya kuanza safari ya kurudi nyumbani. Tatu, usafi wa mazingira na michezo afanye asubuhi mapema au kivulini. Katika safari hiyohiyo, mzazi aombe mtoto akae mbele karibu na ubao, kwa sababu ualbino huathiri pia uwezo wa kuona.

Pa kukimbilia

Mjini Moshi, katika Hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, iliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Wazazi walioko Tanzania wanaweza kuulizia upatikanaji wa losheni na kliniki za ngozi kupitia hospitali ya wilaya au Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, TAS. Nchini Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, lina mpango wa kuwapatia losheni watu wenye ualbino waliosajiliwa.

Ngozi ya mtoto ikaguliwe mwili mzima walau mara moja kwa mwezi, mchana penye mwanga mzuri. Kidonda kisichopona ndani ya wiki nne, gamba gumu linalorudi kila likibanduka, uvimbe unaokua au sehemu inayotoka damu bila kuumizwa, vyote ni vya kupeleka hospitali mapema. Saratani ya ngozi ikigunduliwa ikiwa ndogo, mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo.

Kesho asubuhi, yule mama wa kigoda ana chupa ileile. Tofauti ni kwamba mtoto atakuwa ameshavaa mikono mirefu, na pama lake liko juu ya begi. Usoni, masikioni na shingoni losheni itakuwa nusu kijiko kamili, na chupa ndogo itakwenda naye kwa mwalimu.