Kona ya Familia: Kabla hatujanunua kamera



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi alituuliza: «Mama Mwalimu, zamu yangu ya likirimba inakaribia. Ninataka kununua aparei ya kupiga picha za watoto. Ninunue gani?» Swali hilo sisi walimu watatu tulijiuliza miaka miwili iliyopita, na tulilijibu vibaya. Tuwaeleze, ili msilipe tulicholipa sisi.

Tuliweka akiba, tukanunua hapa Bukavu kamera ya mtumba kwa dola 120. Muuzaji alitusifia megapikseli zake, nasi tukaamini. Kwa kuwa pesa zilikuwa zimekwisha, kadi ya kuhifadhi picha tulichukua ya bei ndogo kuliko zote, iliyoandikwa gigabaiti 64. Miezi ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha siku moja ya Mungu tulipiga picha ukoo wote wa mwenzetu, koko yake mzaa mama akiwa katikati na kitenge kipya. Mwezi haukuisha, koko akafariki.

Tulipofungua kadi kwenye kompyuta, picha za zamani zilikuwa nzima, lakini za siku ile zote zilikuwa kijivu tupu. Kadi ilikuwa ya bandia: juu imeandikwa 64, ndani nafasi ni ndogo sana. Ikishajaa, kamera inaendelea kupiga kana kwamba inahifadhi, na hakuna kinachobaki. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Picha iliyowekwa mbele kwenye kilio ilitoka katika simu ya mjukuu: koko ameketi karibu na mlango, anachambua maharagwe.

Tangu hapo tunashauri hivi.

Kwanza, msilipie hesabu ya megapikseli. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inatosheka na megapikseli 2 hivi. Ya ukubwa wa A4 inahitaji karibu 9. Simu nyingi zinapita hapo. Kinachofanya kamera ishinde simu ni kihisi kikubwa kinachopokea mwanga, pamoja na lensi inayofunguka sana. Kwenye lensi tazameni namba inayofuata herufi f: ikiwa ndogo, kama 1.8, mwanga mwingi unaingia, na mnaweza kupiga picha ndani ya nyumba yenye balbu moja.

Pili, kamera ya mtumba ipimwe kabla ya kulipa. Mulikeni tochi ya simu ndani ya lensi: mkiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Mvua zetu ni nyingi na unyevu unaileta. Pigeni picha ya ukuta mweupe, mtafute madoa. Angalieni kama betri haijavimba, na kama chaja yake ipo. Kuhusu kadi, ijazeni yote kwa video, kisha mfungue kila video kwenye kompyuta. Isipofunguka hata moja, irudisheni. Na picha mnazozipenda zisikae mahali pamoja tu: nakili moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu, na zilizo bora zichapishwe kwenye karatasi.

Tatu, jifunzeni mwanga kabla ya vifaa. Yule mjukuu hakuwa na ujuzi wowote. Mlango ndio uliomsaidia. Mtu akielekeza uso mlangoni au dirishani, mwanga laini unamwangukia. Akigeuzia dirisha mgongo, uso unakuwa mweusi hata macho hayaonekani. Hapo bonyezeni alama ya + na − mpaka +1, kwa sababu kamera imedanganywa na mwanga wa nyuma, ikapunguza kila kitu. Watoto wanaokimbia wanahitaji kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi. Viwiko vibaneni mbavuni ili mkono usitikisike.

Msidharau kifaa kidogo. Jean Depara, ambaye picha zake za usiku wa Kinshasa zimeonyeshwa mpaka Ufaransa, alianza na kamera ndogo aliyoinunua mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake mwenyewe. Baadaye Franco, mwanamuziki wetu mkubwa, akamchukua awe mpiga picha wake.

Mwisho, heshima. Mtoto wa mwenzako usimpige picha, wala usimtume kwa watu, bila kumuuliza mama yake. Na kamera msiielekeze kwa askari, vizuizi vya barabarani au uwanja wa ndege. Picha moja inaweza kuleta shida ya siku nzima.

Kwa hiyo mama aliyetuuliza tulimjibu hivi: kama simu yako inapiga vizuri, nunua kwanza kadi nzuri na uchapishe picha kumi. Ukiona baada ya miezi mitatu bado una hamu, tutakwenda sokoni pamoja, na tochi mkononi.

Lakini koko akiwa bado yuko nyumbani, msingoje kamera. Leo, jua likianza kushuka, mwekeeni kiti karibu na mlango.

Hadi juma lijalo.