Pinboli ya bure ina deni lake

Mlioko Marekani mnazijua mashine za pinboli: meza yenye kioo, gololi ya chuma, na vibao viwili vya kuirudisha juu isidondoke. Nyingi ziliundwa Chicago. Kampuni ya Williams iliacha kuziunda mwaka 1999, na kuukuu nyingi zimelala magerejini. Mwenyewe akitaka kuhama husema: njoo uchukue, bure.

Sisi tunasema chukua, lakini usiende peke yako, maana moja hupita kilo 100. Na ukifika nayo nyumbani usikimbilie kuichomeka umeme ati uone taa. Zile za Bally za mwishoni mwa miaka ya 1970 zina betri iliyolehemewa kwenye bodi ya saketi. Ikivuja, hula njia za shaba kimyakimya. Ikate kwanza, safisha kwa siki na maji, kagua fyuzi. Raba mpya si ghali. Kinacholiwa hapo ni muda.

Tunaowalaumu ni wale wanaopewa kwa ahadi ya kuifufua, kisha wanang'oa kioo cha picha wakakiuze, mzoga wakautupa jalalani. Aliyetoa bure alitaka isikike tena ikilia kengele. Kama huna nafasi wala subira, mwachie mwengine.